Fizi: Kibarua, mlima pamba, mtu wa motisha. Historia ya kazi isiyokuwa na mwajiri

Leo hatuleti habari ya mapigano. Tunaleta habari ya kazi, na ya jina ambalo mtu wa kazi anaandikiwa kwenye karatasi.

Huku kwetu mtu anaweza kulinda lango moja miaka minne, saa zile zile, kwa amri ya mkubwa yule yule, na siku anapoomba haki yake anaambiwa kwamba yeye si mfanyakazi. Kwa Kifaransa cha ofisi ataitwa journalier, yaani kibarua wa siku. Mwingine ataitwa prestataire, mtu anayeuza huduma yake kama vile mwenye duka anavyouza sabuni. Mwingine ni volontaire, mtu wa kujitolea. Na mwenye pikipiki atamwambia dereva wake kwamba wao ni washirika, ingawa kila jioni mshirika mmoja analeta pesa na mwingine anapokea. Majina ni mengi lakini yote yanafanya jambo moja: yanamwondoa mwajiri. Siku mambo yanapokwenda vizuri, jina halina uzito. Pesa inaingia, watoto wanakula. Jina linaanza kuuma siku mguu umevunjika, mradi umefungwa, au risasi zimelia na kila mtu amekimbia na godoro kichwani. Hapo ndipo watu wanauliza: hasara hii ni ya nani?

Swali hilo ni la zamani kwenye ziwa hili. Mwezi wa nne mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita huku kwa mitumbwi wakitoka Ujiji kwenda Uvira. Burton aliitazama Ubwari akaandika kwamba ni kisiwa. Wazee wetu waliokuwa wanaingia na kutoka Ubwari kwa miguu wangecheka. Lakini kinachotuhusu ni wapiga kasia wake. Burton hakupatana nao mmoja mmoja. Alipatana na Kannena, mkubwa wa kule Ujiji, na huyo Kannena ndiye aliyetoa mitumbwi na watu na kudai bei. Mpiga kasia alimtazama Kannena, na Mzungu naye alimtazama Kannena. Leo tungesema kazi ilipitia kwa mtu wa katikati, na wengi wanaolinda nyumba na maghala yetu wanaujua mpango huo bila kusoma kitabu.

Wapagazi wa misafara ya nchi kavu, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa na nguvu zaidi. Walipatana mshahara kabla ya kuondoka, na walipatana posho, chakula cha njiani. Posho ikikosekana waliweka mizigo chini na msafara ukasimama. Neno hilo limebaki midomoni mwetu mpaka leo, na lishikeni vizuri, maana historia yote inayofuata ni historia ya watu waliokuwa wanatafuta namna ya kupata kazi bila kutoa posho.

Wabelgiji walipoleta kodi na kampuni, posho iliingia kwenye sheria. Dekreti ya tarehe 16 mwezi wa tatu 1922 juu ya kontra ya kazi ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula, mahali pa kulala na matunzo akiugua. Tusiisifu kupita kiasi: sheria hiyo hiyo ilimpeleka gerezani mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya kontra kwisha. Mtu aliyeandikwa kwenye daftari la mgodi alikuwa na sahani ya chakula na alikuwa na mnyororo. Lakini kampuni zilihesabu gharama ya sahani ile, na upande wa mashamba ikapatikana njia ya kubaki na mnyororo bila sahani. Njia hiyo iliitwa pamba.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu pamba ni jambo ambalo babu zetu waliliona kwa macho yao. Ilianza mwaka 1917 upande wa Maniema na Sankuru, ikaenea, na ililimwa kwenye bonde la Ruzizi na kwenye sehemu za Fizi hadi baada ya uhuru. Tangu mwaka huo wa 1917 serikali ya koloni iliweza kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, siku 60 kila mwaka. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, siku 60 zikawa 120. Na mwaka 1921 dekreti nyingine ikagawa nchi vipande vipande, kila kipande kikapewa kampuni moja ambayo peke yake iliruhusiwa kununua pamba ya pale.

Kwenye karatasi, mlima pamba hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote. Alikuwa mkulima huru, mwenye shamba lake, anayeuza mavuno yake sokoni. Haya, tuuangalie uhuru wenyewe. Mbegu zilitoka kwa kampuni. Ukubwa wa shamba ulipimwa na mtu wa kilimo. Siku ya kupanda, siku ya kupalilia na siku ya kung'oa miti ya zamani zilipangwa na wengine, na chifu alitumwa kuhakikisha. Bei iliwekwa na serikali kabla pamba haijafika kwenye mizani. Mnunuzi alikuwa mmoja, na kumpelekea mwingine lilikuwa kosa. Aliyekataa kulima alifungwa au alichapwa fimbo. Niambieni ni kipi kilichobaki mkononi mwa mkulima huyo huru. Kilibaki kimoja tu: hasara.

Mvua ikikosa, hasara ilikuwa yake. Bei ya dunia ilipoporomoka baada ya 1929, bei ya kijijini ilishushwa, na aliyekuwa amelima siku zile zile alirudi na sarafu chache zaidi. Pamba ilibebwa kichwani mwendo mrefu hadi mahali pa mizani, na mwendo huo haukulipwa na mtu. Hakukuwa na posho kwa sababu "mkulima huru" anajilisha. Hakukuwa na nyumba ya kampuni wala daktari wa kampuni. Na kuna jambo ambalo mara nyingi linasahaulika tunaposimulia habari hizi: aliyeandikwa kwenye orodha alikuwa mwanaume, lakini waliopalilia na kuchuma walikuwa pia mke wake na watoto. Kampuni ilipata mikono ya jamaa nzima kwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo mmoja naye hakuwa mfanyakazi. Mihogo na mahindi ya nyumbani yalisubiri mpaka pamba iishe. Njaa iliyofuata ilikuwa nayo ni mali ya familia.

Serikali ilikuwa na jina zuri kwa hayo yote. Iliyaita mazao ya elimu. Kulikuwa na sababu: duniani maneno yalikuwa yameanza kusemwa dhidi ya kazi ya kulazimishwa, na mwaka 1930 shirika la kimataifa la kazi lilipitisha mkataba dhidi yake. Ukisema unamfundisha mwanakijiji kulima, humlazimishi kufanya kazi. Jina moja lilimwondoa mwajiri, jina la pili likaondoa shuruti. Osumaka Likaka, mwanahistoria aliyeandika kitabu juu ya pamba ya Kongo mwaka 1997, ameonyesha kwa kirefu jinsi mpango huo ulivyowatajirisha wenye kampuni na kuwaacha walimaji maskini, na jinsi watu walivyoukimbia. Wengine walihama vijiji. Wengine walikwenda wenyewe kuomba kazi migodini, kwenye ule mnyororo wenye sahani. Mtu anayekimbia "uhuru" ili aingie kwenye kontra yenye kifungo cha jela anatueleza vya kutosha juu ya uhuru huo.

Baada ya uhuru wa kweli mambo yalibadilika haraka kwenye karatasi. Tarehe 29 mwezi wa sita 1961, siku moja kabla nchi haijatimiza mwaka, serikali ilitoa sheria ya usalama wa jamii, na hapo ndipo mfuko wa INSS ulipozaliwa, huu ambao siku hizi tunauita CNSS. Tarehe 9 mwezi wa nane 1967 ikaja Kode ya kazi. Pensheni, ajali ya kazini, msaada kwa wajane na yatima: vyote viliandikwa. Lakini viliandikwa kwa ajili ya mfanyakazi mwenye mwajiri anayemtangaza na kumlipia. Mlima pamba aliyelimia kampuni miaka ishirini alibaki nje, kwa sababu kwenye vitabu hakuwahi kuwa na mwajiri. Hakuna ofisi ambayo mtoto wake angeweza kwenda kudai.

Mlinganishe na watu wa Sominki. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za madini za Kivu na Maniema, ikiwemo ile MGL ya Kamituga ambako vijana wengi wa milimani kwetu walikwenda kutafuta maisha. Bei ya bati ilianguka mwaka 1985, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1997 ikavunjwa. Maelfu ya wafanyakazi wake waliachwa bila malipo yao ya mwisho. Wamezeeka wakidai, na wengi wamekufa wakidai. Ni kisa cha aibu. Lakini tazameni tofauti: majina yao yapo kwenye orodha. Miaka mingi baada ya kampuni kufa, mjane wa Kamituga bado anaweza kusema mume wangu alikuwa mfanyakazi wa fulani, tangu mwaka fulani, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba mume wake alikuwa mshirika. Mjadala ni juu ya nani atalipa na lini. Mjane wa mlima pamba hana hata mahali pa kuanzia mjadala.

Mwaka 2002, nchi ikiwa bado katikati ya vita, Kongo ilitunga sheria mbili ambazo ni vizuri kuzisoma pamoja. Ya kwanza, ya tarehe 11 mwezi wa saba, ni Kode ya madini. Inamtambua mchimbaji wa kienyeji kuwa mtu mwenye kadi yake binafsi. Yaani mbele ya sheria anajifanyia kazi mwenyewe. Ya pili, ya tarehe 16 mwezi wa kumi, ni Kode mpya ya kazi. Hiyo inasema kontra ya kazi ni mapatano yoyote, ya maandishi au ya mdomo, ambayo kwayo mtu anaahidi kumfanyia mwingine kazi, ya mikono au nyingine, chini ya uongozi na mamlaka yake, kwa malipo. Sheria hii ya pili haitaji jina ulilopewa. Inauliza nani anaongoza na nani analipa.

Sasa nenda Misisi au Kamituga ukaangalie shimoni. Kuna mwenye shimo, ambaye vijana wanamwita PDG. Anatoa chakula, taa, mbao na pampu, anapanga zamu, anaamua nani ashuke. Wachimbaji wanapata fungu la mawe badala ya mshahara. Dhahabu ikipatikana, PDG anachukua gharama zake kwanza. Isipopatikana, kijana amefanya kazi miezi mitatu na bado ana deni la chakula. Je, huyo anajifanyia kazi? Wengine watasema ndiyo, maana hakuna anayemshika mkono na kesho anaweza kuhamia shimo jingine. Hoja hiyo ina ukweli, nami siikatai yote. Lakini tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, mvua kubwa ilipoangusha udongo juu ya mashimo ya Kamituga, wakuu wa mji walitaja vifo visivyopungua 50. Siku kama hiyo ndipo unaona fungu la mawe linavyofanya kazi. Mtu mwenye kadi yake mwenyewe anakufa akiwa bosi wa nafsi yake, na msiba wake ni wa familia yake na michango ya majirani.

Sheria ya madini ilirekebishwa mwaka 2018, na sasa mchimbaji anatakiwa kuwa ndani ya kooperative. Inaweza kusaidia, ikiwa kooperative yenyewe haitageuka kuwa PDG mwenye muhuri.

Tuvuke ziwa. Mwaka 1996, vita vilipoanza, watu wa Fizi walivuka kwa maelfu kwenda Kigoma, na mwezi wa kumi na moja kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Humo walimu wetu walifungua shule na kufundisha kwa programu ya Kongo. Wauguzi wetu waliendelea kuuguza, wengine wakawa watafsiri, walinzi, watu wa kugawa maji. Walifanya kazi kwa saa zilizopangwa, wakisimamiwa na kutolewa ripoti. Lakini mkimbizi hakuwa huru kuajiriwa kama mwenyeji, na malipo yake hayakuitwa mshahara. Yaliitwa motisha. Mpango huo haupo Nyarugusu peke yake. Kakuma kule Kenya na kambi nyingine nyingi zinaishi hivyo. Wanaoutetea wanasema mkimbizi tayari anapewa chakula na mahali pa kulala, kwa hiyo motisha ni nyongeza, na kwamba pesa ya wafadhili haitoshi kumlipa kila mtu kama mtumishi. Ni kweli pesa haitoshi. Lakini mwalimu aliyeingia darasani akiwa na miaka 25 na kutoka akiwa na miaka 50 amefanya robo karne ya kazi ambayo haihesabiwi kwenye mfuko wa pensheni wa nchi yoyote. Chakula kikipunguzwa, kama tulivyoona kikipunguzwa, ile hoja ya posho nayo inapungua, na motisha inabaki pale pale.

Waliorudi nyumbani walikuta habari inayofanana. Kuanzia mwezi wa kumi 2005 boti za warudio zilitoka Kigoma kuja Baraka, na mashirika yakaja pamoja nazo. Mji ulikua. Tulipata kazi za kushusha mizigo, kujenga, kuendesha, kulinda, kupita nyumba kwa nyumba na ujumbe wa afya. Tuseme wazi kwamba kazi hizo zililisha watu wengi na zililipia watoto shule. Lakini kazi nyingi zilikuja na muda wa mradi: miezi mitatu, miezi sita. Na hapo katikati likazoeleka lile neno journalier.

Kuna kipengele cha Kode ya kazi ambacho kila kibarua wa Ubwari angepaswa kukijua kama anavyojua bei ya ndagala. Ni kipengele cha 40. Kinasema kwamba mtu anayechukuliwa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kontra yake mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Haihitaji sahihi ya mkubwa. Inatokea yenyewe kwa nguvu ya sheria. Kwa hiyo usishangae ukisimamishwa siku ya 21 ili upumzike kidogo, aliyekusimamisha amesoma. Kipengele cha 44 kinaongeza kwamba kontra isiyo na maandishi inachukuliwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka uthibitishwe uongo.

Na kontra ya namna hiyo si karatasi ya kuweka ukutani. Mwajiri anapaswa kuwatibia mfanyakazi pamoja na mke wake na watoto wake. Hawezi kumfukuza bila sababu halali, wala bila kumpa taarifa ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima aliomaliza. Anapaswa kulipa CNSS asilimia 13 ya mshahara, na kumkata mfanyakazi asilimia 5. Ukijumlisha unaona kwa nini jina la prestataire linapendwa: asilimia 18, matibabu ya watoto saba na taarifa ya kufukuza vyote vinatoweka kwa neno moja. Na kusema kweli wapo wafanyakazi wanaolipenda, kwa sababu ile asilimia 5 inabaki mfukoni na pesa inafika nzima mwisho wa mwezi. Wanaipenda hivyo mpaka mtoto analazwa.

Wengine wanadhani hatari yote iko upande wa kibarua. Haiko hivyo. Mkubwa wa shirika dogo la hapa, au mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayewaandika watu kumi kuwa watoa huduma miaka mitano, analimbikiza deni asiloliona. Mmoja akienda kwa mkaguzi wa kazi na kesi ikafika mahakamani, hakimu hataishia kwenye kichwa cha karatasi. Atauliza nani alipanga saa, nani alitoa vifaa, nani alitoa adhabu. Michango ya miaka yote inaweza kudaiwa kwa pamoja, na mfadhili aliyeondoka mwaka wa pili hatarudi kuilipa. Nimesikia wakubwa wa mashirika ya kienyeji wakisema bajeti yao haina mstari wa CNSS. Wengi wao si watu wabaya. Wamepewa pesa na mfadhili ambaye naye alikata mstari huo. Lakini sheria inamjua aliyetoa amri ya kazi.

Dunia nzima inapigania jambo hili hili. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la kazi lilitoa pendekezo la 198: katika kuamua kama mtu ni mfanyakazi, yatazamwe matendo, si jina ambalo pande mbili ziliandika. Huko Uingereza madereva wa Uber waliambiwa kwamba kila mmoja ni mfanyabiashara anayejitegemea. Wawili kati yao, James Farrar na Yaseen Aslam, walishtaki. Walishinda mwaka 2016, kampuni ikakata rufaa mara kwa mara, na tarehe 19 mwezi wa pili 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakubaliana na madereva. Kampuni ilipanga nauli, iliamua masharti, ilimfuatilia dereva kwa alama za abiria; basi dereva ana haki ya mshahara wa chini na likizo yenye malipo. Bei inapangwa na mwingine, masharti yanapangwa na mwingine, hasara ni yako: babu wa bonde la Ruzizi angeielewa kesi ile bila mtafsiri.

Na kwa jamaa zetu waliopelekwa Marekani kutoka Nyarugusu, ambao wengi wanapeleka vifurushi au kusafisha maofisi usiku, swali linakuja kwa namba za fomu. Mwenye fomu W-2 ni mfanyakazi. Mwajiri wake analipa nusu ya mchango wa uzee na matibabu, asilimia 7.65, na yeye nusu nyingine. Mwenye fomu 1099 anahesabiwa kuwa anajitegemea, na analipa zote mbili, asilimia 15.3, pamoja na mafuta ya gari. Wengine wanaigundua tofauti hiyo mwezi wa nne, wakati wa kulipa kodi, pesa ikiwa imekwisha kutumwa Baraka kwa ada za shule.

Nirudi nyumbani kwa jambo moja linalowahusu waliohama zaidi ya wengine wote. Kode ya kazi inahesabu nguvu isiyozuilika, na vita ni mojawapo, kuwa sababu ya kusimamisha kontra kwa muda. Kusimamisha si kufuta. Mlinzi mwenye kontra aliyekimbia mapigano hajaacha kazi. Kontra yake imelala, na kama mwajiri anataka kuivunja, kuna njia ya sheria ya kuifuata. Kibarua wa siku aliyekimbia saa ile ile, kutoka lango lile lile, anaambiwa kwamba kazi yake iliisha jana jioni alipopokea pesa ya jana. Kama ndani ya miezi miwili ile alikuwa amepita siku 22 na kuchukuliwa tena, hilo si kweli, lakini atahitaji kulionyesha. Orodha ya waliofika kazini iliyopigwa picha kwa simu inaweza kuonyesha. Ujumbe wa mkubwa unaosema njoo saa kumi na mbili unaweza. Alama za pesa zilizoingia kwenye simu, tarehe kwa tarehe, zinaweza, na wenzako wa zamu pia, wakiwa bado wanajulikana waliko. Mgogoro wa mtu mmoja na mwajiri wake unapelekwa kwanza kwa mkaguzi wa kazi, ambaye anaita pande mbili kupatana kabla ya mahakama. Simu ikiibiwa njiani, picha zinaondoka nayo. Wale waliozituma mapema kwa ndugu aliye Uvira, Kalemie au Kigoma bado wanazo.